Mwaka Yenye Nilimuandikia Koko Adela

Kavira, mama,

Mama yako ameisha kukuambia byote bya njia: uchemshe maji ya Beni mbele ya kunywa, mupira ya kuvaa kwa baridi uiache huku Butembo, nyuma ya saa kumi na mbili usionekane inje, na pale Beni, ku komini ya Beu kwa shangazi yako ushike fagio mbele hajakuomba. Mimi sina ya kuongeza. Tangu asubuhi unaaga batu, sasa uko kwa chorale, na mimi nimebaki kwa meza na cahier ya kutayarishia masomo. Nimetosha karatasi katikati yake, ni hizi uko unasoma.

Niko nakuandikia juu kwa mudomo nitapunguza. Najijua. Nitaanza muzuri, kisha nitaona macho yako, nitageuza maneno, nitasema ni hali ya inchi, ni vita, ni bakubwa. Na wewe utanihurumia. Sitake unihurumie.

Ile siku barua yako ya kazi ilifika, ulicheza ndani ya lupango ya nyumba mpaka majirani bakachungulia. Enquêtrice. Mutu wa kuzunguka bijiji bya Beni na kuandika bazee, ili serikali ibatunze ku centre de santé bila kulipa. Mama yako akachinja kuku. Uliona vile nilibakisha nyama kwa sahani, ukaniuliza niko na nini, nikasema ni meno. Haikuwa meno. Ile kazi yako niliifanya zamani, mbele yako, mama. Niliifanya mubaya, nikajua kama nimeifanya mubaya, nikanyamaza, na koko yako Adela, mama yangu, akakufa. Hakukataa hospitali. Ile yenye niliwaambia ninyi bote ku matanga ilikuwa uongo, na ilikuwa uongo yangu mimi peke yangu.

Sasa nimeisha kusema ile kubwa. Ngoja nikuelezee vile ilienda, juu kesho na wewe batakupatia mashini ya kuandikia majina ku mukono.

Ulikuwa ungali unalala ku internat kwa basista. Kule kijijini kwetu, kwenye niko directeur wa masomo tangu haujazaliwa, balikuja batu ba programu toka Beni na jeep mbili. Balisema serikali inatafuta bazee benye kupita myaka makumi sita na tano, kila mutu atapata karte, na kwa ile karte atatunzwa bule. Balitaka mutu wa kuandika majina, mwenye anajua batu na mwenye batu banamuamini. Chef wa kijiji akasema: ni Directeur. Nilisikia utamu, sitakudanganya. Nilivaa koti.

Bazee balianza kufika ku kiwanja ya chapelle alfajiri. Mutu wa umri ile hana karatasi ya kuzaliwa, hiyo unaijua. Karatasi moja tu njo ilibabakia, karte ya ubatizo. Balikuja nayo ndani ya sachet ya plastiki, sachet ndani ya kikwembe, ingine ilikuwa inanuka moshi juu ilikaa chini ya majani ya nyumba myaka yote. Na bengi kati yao balibatizwa bakubwa. Balifundishwa katekisimu bakiwa vijana, balilima mashamba ya mission, bakabatizwa pale balitaka kuoana ku kanisa. Kwa karte yao, fasi ya kuzaliwa padri alipiga kamustari tu. Mwaka moja peke njo iliandikwa pale, ya ubatizo.

Na mashini ilikuwa inaomba mwaka ya kuzaliwa. Usipoiandika, haiende mbele.

Wa kwanza alikuwa muzee Paluku, yule alikuwa anafuma bitunga. Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani. Akakaa muzuri ku benchi, akaanza: "Directeur, mimi nilikuwa nimeisha kulima pirètre yangu, nimeisha kuzika mukubwa wangu, na bazungu bangali banachimba ile barabara ya kushuka ku Butembo."

"Muzee, hapana hadithi. Mwaka."

Mutu mwenye anaweza kuwa baba yangu akainamisha kichwa mbele yangu sawa mutoto mwenye hajafanya devoir ya nyumbani.

Ile hadithi njo ilikuwa umri yake, Kavira. Kama ningemuacha amalize, nimuulize nani alimutangulia kuzaliwa na nani alimufuata, barabara ilikuwa imefika wapi pale alioa, ningepata mwaka yake karibu kabisa. Sisi tunajua kuhesabu hivyo. Baba yangu hakuwahi kushika kalenda, na alikuwa anakuambia umri ya kila mutu wa mulima yetu bila kukosea. Mais nyuma ya Paluku mustari ilikuwa murefu, na yule kijana wa programu, na miwani ya jua juu ya kichwa, akaniambia: "Directeur, andika ile iko ku karatasi, tumalize." Nikaandika. Mwaka ya ubatizo, ndani ya fasi ya kuzaliwa. Paluku mwenye alibatizwa akiwa na ndevu, nikamufanya mutoto muchanga wa ile siku.

Mama yangu alifika katikati ya mustari. Alikuwa amevaa kikwembe ya fête. Hakuniita jina mbele ya batu, alisema "Bwana Directeur", bamama bakacheka, na mimi nikacheka. Nikachukua karte yake, nikaandika, nikamurudishia. Sikumuuliza kitu. Kwa ile mwaka yenye niliandika, mama yangu alinipita myaka mbili tu. Mwanamuke mwenye alinibeba ku mugongo mpaka mission kuniombea fasi ya masomo. Kwa mukono yangu, na ile maandiko yenye ba-inspecteur banasifiaka, niliandika kama alinizaa akiwa na myaka mbili. Na sikuona. Ao niliona, nikapita.

Siku ya kugawa karte njo ilinichafua roho mara ya kwanza. Mukubwa moja alikuwa anatoka mbali. Bamama bazee balichezeshwa ku jua tangu asubuhi bakimungojea, balivalishwa matriko yenye foto yake, ingine ilifika ku magoti. Alikuja saa tisa. Alisema serikali inabapenda bazazi bayo, akapatia mama moja karte, akamukumbatia, kamera zikapiga. Kisha kijana wa miwani akamutosha yule mama ile karte ku mukono, pole pole, na heshima yote, akasema inarudi kwanza Beni kwa encodage, kuingizwa mu mashini. Mama akabaki ameshika hewa. Majeep zikaenda. Kulibaki masachet ya maji fasi yote, na bazee na njaa, benye balikuwa na saa mbili ya kupanda mulima ili bafike kwao. Mimi nilikuwa nimekaa ku kiti ya plastiki, pamoja na bakubwa. Na nilipiga makofi.

Karte hazikurudi, ilirudi liste tu. Baliipigilia ku mulango ya biro ya chef. Ndani mulikuwa muramu wa chef, ndugu ya muke wake, mwenye kila siku ya yenga nyuma ya misa alikuwa anacheza mupira na vijana. Mulikuwa muke wa mufanyabiashara wa mbao, hajamaliza hata kuzaa. Karatasi yenye inasema ni bazee balikuwa nayo, safi, na muhuri. Paluku, hapana. Mama yangu, hapana. Karibu bote benye nilishika karte yao ya ubatizo, hapana. Balikuwa bamesimama pale, hawajue kusoma, bakaniomba nibasomee. Nilisoma mara mbili, sauti ya darasa. Kisha nikabaambia: "Mungojee. Kuko phase ya pili."

Ukijisikia siku moja unasema phase ya pili mbele ya mutu mwenye mguu inavimba, ujue umeisha kuoza, hata kama bado unasali.

Koko yako alijikata ku mguu na jembe ndani ya shamba ya viazi. Kidonda haikupona. Alikuwa na ugonjwa ya sukari na hatukujua. Alishuka ku centre de santé peke yake, na fimbo. Mufanyakazi wa pale akatafuta mu liste, akakosa, akafungua mashini, akamuambia: "Mama, haujafika muzee. Urudi nyuma ya myaka tatu." Hakuwa anafanya muchezo. Alisoma tu ile nilikuwa nimeandika.

Siku ile ile akapanda pikipiki ya motard mpaka huku kwetu Butembo, ku Bulengera. Mama yako alikuwa ku soko. Alikaa mu jikoni, ku kale kakiti kafupi, akanyoosha mguu mbele yake.

"Banasema sijazeeka," akaniambia.

"Ni makosa ya mashini, mama."

"Mashini njo iliandika?"

Nikainuka, nikaweka maji ku moto.

"Mutoto wangu, wewe unajua ulitoka mu tumbo ya nani. Uende ubaambie tu ile. Ubaambie kama nilikuwa nimeisha kuchotea mama yangu maji wakati balikuwa banaweka mawe ya kwanza ya kanisa ya mission. Batahesabu."

"Nitaenda."

"Wasingya," akasema. Alinishukuru mbele sijafanya kitu, juu alikuwa ananiamini.

Na nilienda. Nilipanda taxi mpaka Beni, nikangojea ku korido ya ile biro nusu siku, pamoja na bazee bengine benye balitumwa na bijiji byao. Hakuna mwenye alibapatia hata kiti. Chef wa ile biro alinipokea akiangalia télévision. Nilimueleza. Akaniuliza:

"Donc makosa ni ya nani, Directeur?"

"Ni ya mashini."

"Mashini haina mikono."

Akafungua tiroir ya meza, akanitupia karatasi. Ilisema kama mimi, mwenye kuandika, niliingiza myaka ya uongo. Nikisaini, kijiji yote itaandikwa mupya. Nisiposaini, liste inabaki vile iko.

"Na mimi nitakuwa wapi nyuma ya pale?"

"Ile ni mambo ya inspection yenu. Faux ni faux, uongo ku karatasi ni kosa ya sheria." Akarudisha macho ku télévision.

Nilimuchukia yule mutu myaka yote hii. Nilikuwa namusemea mubaya mbele yenu ku meza, ulikuwa unacheka. Mais fikiri muzuri ile alifanya. Alikuwa mutu wa ovyo, na alinipatia mulango, na mimi njo nilikataa kuingia. Nilikunja ile karatasi bila kusaini. Mu taxi ya kurudi, ku kila barrière ya basoda, nilikuwa najiambia: niko na batoto ku masomo, batanitosha udirecteur, batasema niliuza liste, nani atabalisha. Byote ilikuwa kweli. Njo maana ilinitosha.

Mama nikamuambia: "Bamekataa. Tungojee phase ya pili." Nikamununulia dawa ku ka-pharmacie ya kando ya njia, bila docteur. Utaniuliza juu ya nini sikuuza mbuzi nimupeleke hospitali kwa mufuko yangu. Mbuzi ilikuwako. Mais kumupeleka na mufuko yangu ilikuwa kukubali mbele ya kijiji kizima kama karte haitakuja, na mimi njo nilibaambia itakuja. Nililinda maneno yangu, mama. Pale nilimupeleka, mguu ilikuwa nyeusi mpaka ku goti. Docteur akaniuliza mulikuwa wapi mpaka leo. Nikamujibu: alikuwa anakataa.

Ile uongo ilitoka hivyo, ku korido ya hospitali, na sikuitafuta. Ku matanga nikairudilia, na kila mutu akaikubali, juu koko yako alikuwa kichwa nguvu na hiyo ilijulikana. Shangazi yako alisema: "Ule mama, si munamujua." Wewe haukulia. Ulisimama mbali na sanduku, ukasema kama koko alituacha kwa kutaka, na kama hakukungojea hata umalize masomo. Ulikataa kutupa udongo. Nilikuwa kando yako. Neno moja ingekutosha ile chuki, na neno nilikuwa nayo, na nikashika bega yako nikasema: "Umusamehe." Nilikuomba umusamehe yeye. Tangu siku ile haujaenda ku kaburi, na kila sikukuu ya Watakatifu Bote mama yako anakusukuma, na mimi namuambia akuache.

Uwe na hasira, uko na haki. Mais sasa unajua inaenda wapi.

Juu ya serikali, sitakuandikia mingi, utaiona mwenyewe. Balimu ba umri yangu bako banafia ku tableau, juu mwenye kuacha chaki anaacha na kula, na retraite, pesa ya kustaafu, ni neno ya mu redio. Bamama benye balilisha Butembo yote na maharagi na mboga ya poro banamaliza siku zao bakiomba dawa ya maumivu moja moja. Kila mutu anasema bazee, bazee, na hakuna mwenye anataka kukaa nabo saa moja. Inanichukiza, na iko inanichukiza zaidi juu sikuwa inje yake. Nilikuwa ule mukono wayo wa mwisho, wenye unashika bic.

Kule Beni utakuta benye hawana hata karte ya ubatizo, ilichomwa na nyumba. Batakuletea hadithi tu. Itakuwa murefu, itapita ku mashamba, ku bandugu bao benye balikufa, ku barabara, itarudi nyuma. Utachoka. Jua itakuwa kali, na kutakuwa kijana mwenye anaangalia saa. Sikuambie uwe mutu muzuri. Mimi nilikuwa mutu muzuri, uliza parokia yote. Nakuambia tu kama yangu ilianzia pale, pale muzee alinichosha na nikamukata neno. Mashini ikikataa, iache ikatae, na uandike ku karatasi kama imekataa na juu ya nini. Batakuita mutu wa pole pole. Mimi balinisifia juu nilienda mbio.

Umekuwa unaniuliza kila posho, siku yenye masomo inafungwa, naendaka wapi. Ulifikiri niko nakunywa kasiksi pahali, mama yako alifikiri mubaya zaidi. Napandaka kijijini. Tangu barua yako ilifika, nimezunguka nyumba kwa nyumba kwa benye nilibaandika siku ile. Nimekaa, nimesikia hadithi zao mpaka mwisho, nimehesabu vile baba yangu alikuwa anahesabu. Paluku sikumukuta. Bengine sikubakuta. Benye bangali, bamenipokea muzuri, hata bamenipatia viazi. Hiyo njo ilikuwa ngumu kumeza. Mama moja aliniuliza: "Directeur, ni ile phase ya pili?" Nikamuambia hapana, ni ile ya kwanza, niliiharibu. Akaendelea na hadithi yake.

Nimeandika karatasi yangu mwenyewe, hapana ile ya tiroir. Nimeweka nilifanya nini, siku ile ku chapelle na siku ile ku biro, na myaka ya kweli ya kila mumoja mwenye angali muzima, na majina ya benye balikufa bakingojea. Jina ya koko yako iko pale pamoja na yao. Nimesaini.

Kwanza nilitaka kukupatia uibebe, juu unaenda ku ile biro. Nikaona kama niko nataka tena mutu mwingine alipe. Donc hautaibeba.

Kesho nitakuwa mu ile taxi yako ya saa kumi na mbili. Sikusindikize, naenda kwa mambo yangu. Ukitaka, ukae mbele na mimi nyuma, ao upande ile ya saa mbili, sitakuuliza juu ya nini. Pengine batanishika pale pale, pengine batacheka tu na kuniambia nirudi nyumbani. Vyovyote, siku yako ya kwanza ya kazi itachafuka, na hiyo pia ni mimi nakufanyia. Bakikuita ku korido bakuulize kama unajua ule muzee mwenye eko analeta makelele, ujibu vile roho yako inataka. Mimi sitasema kama uko mutoto wangu mpaka wewe useme.

Papa